Kiti cha Doto Kilicholiwa na Mbuzi

Nyumbani kwa kaka yangu hapa Mkula, mtoto asipokula hukaa baraza. Bibi ni hakimu, Babu ni mzee wa baraza anayesinzia, kaka ni mshitaki, na mshitakiwa siku zote ni wifi yangu, kwa kosa la kuwa mama wa mtoto. Mimi shangazi huitwa kama shahidi, na nikianza tu kusema naambiwa inatosha. Huyo Bibi ni mama yangu mzazi, lakini tangu wajukuu wazaliwe hata Babu mwenyewe hamwiti vingine.

Kesi ilimhusu Doto. Msukuma akisikia jina la Doto haulizi kama Kulwa yupo. Kulwa alitangulia kuzaliwa, akalia, akanyonya, akalala. Doto alikawia. Alitoka kimya, amelegea, wakunga wakahangaika naye kumpa pumzi kabla hajatoa sauti. Pacha wa pili huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na ubongo uliokosa hewa huweza kuacha alama kwenye misuli ya mwili mzima: ya miguu, ya shingo, na ile ya kinywa ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya uji.

Siku ya uji ilipofika, Kulwa alikunywa. Walipokaribia miaka miwili alikuwa anamaliza ugali wake na dagaa, kisha anamsaidia ndugu yake kwa kumaliza na wake. Doto shingo ilimlegea, ulimi ukasukuma nje kila kilichoingia. Mlo wake ulianza jua likiwa juu ya mwembe, ukaisha kuku wakiingia bandani. Akinywa maji alikohoa, machozi yakamtoka, na sauti ikabaki na majimaji. Mvua zikianza tu, homa na kifua: nimonia, sindano, nyumbani, nimonia tena. Mbavu zake zilihesabika ukiwa umekaa ng'ambo ya uwanja.

Bibi alitoa hukumu ya kwanza: mambo ya mabasa hayakukamilika. Mapacha kwetu wana taratibu zao, na mama yangu aliamini kwamba kuna hatua iliyorukwa. Haya, zikafanywa upya, watu wakaja, nyama ikaliwa. Kulwa alikula kuliko wazee wote. Doto alipaliwa na mchuzi.

Hukumu ya pili ilikuwa kimeo. Siku ya mnada alipita fundi wa vimeo, na Bibi akamwita huku uso umemng'aa. Kukata kimeo si jambo la Usukumani peke yake. Limeenea sehemu nyingi za Tanzania, na huaminiwa kwamba kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kikirefuka ndicho kinachomkohoza mtoto na kumkatalia chakula. Ukweli ni kwamba kimeo hakizibi njia ya chakula. Kipo pale pamoja na kaakaa laini, na mtu akimeza hunyanyuka vyote ili chakula kisirudi puani. Anayekikata humwachia mtoto kidonda ndani ya koo ambalo tayari halimezi vizuri, na wako waliokufa kwa kutoka damu, kwa usaha au kwa pepopunda. Wifi yangu hakuyajua yote hayo. Alisimama mlangoni, Doto begani, akasema kwa adabu zote:

“Mama, huyu akimaliza kukata ataondoka na mnada wake. Mimi nitabaki na damu.”

Fundi akakunja vyombo vyake. Bibi alinuna, akahamia kwenye meno ya plastiki, lakini Doto alikuwa na meno ya kutosha ya kujitetea, akamng'ata kidole. Hilo likaishia hapo.

Kaka yangu ni mkulima wa pamba, mtu wa nguvu, na dawa yake ilikuwa nguvu. Alimlaza mtoto chali mapajani, akambana pua kwa vidole viwili, akammiminia uji. Mtoto aliyebanwa pua hana budi kuvuta pumzi kwa mdomo, na mdomo umejaa uji. Wengi hulishwa hivyo kwa mapenzi makubwa, na ukiwauliza watakuambia hata wao walilishwa hivyo wakakua. Ambao hawakukua hawapo wa kuulizwa.

Kilichonisikitisha zaidi ni mkosi wa wifi mwenyewe, maana yeye alifuata somo. Kliniki walifundishwa kuchanganya uji na kimea, yaani unga wa mtama au ulezi ulioota. Ni elimu nzuri. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliieneza miaka ya 1980, kwa sababu kimea hulainisha uji mzito, mtoto mwenye tumbo dogo akapata unga mwingi ndani ya kikombe kilekile. Kwa Kulwa kimea kilikuwa neema. Kwa Doto kiligeuza uji kuwa maji, na maji ndiyo yaliyokuwa adui yake. Kadiri mama yake alivyojitahidi, ndivyo kikohozi kilivyozidi, na baraza likaandika kosa jingine.

Kilichovunja baraza ni utepe wa mkono. Mhudumu wa kliniki alimzungushia Doto utepe ule wa rangi, ukasoma chini ya sentimita 11.5, yaani nyekundu. Akamwanzishia matibabu ya utapiamlo, lakini akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifanya: alikaa akamtazama Doto akinywa. Akasema, “Huyu hakatai chakula. Huyu anaogopa kupaliwa.” Akatuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu Mwanza.

Nauli ilisubiri pesa ya pamba. Ilipopatikana, tukapiga simu kuuliza cha kubeba, tukajibiwa tuje na chakula anachokula mtoto nyumbani, pamoja na kijiko chake na kikombe chake. Bibi alilielewa agizo hilo kwa upana wake. Alifunga uji kwenye chupa ya chai, sato wa kukaanga, mboga kavu za nsansa, michembe ya viazi, na kuku hai wa kienyeji. Nilipouliza kuku wa nini, akajibu kwamba mtoto anakunywa supu, sasa supu inatoka wapi?

Tulipanda Hiace pale Lamadi. Karibu na Magu kuku alijifungua kamba, akapita juu ya vichwa vya abiria mpaka kwenye usukani. Dereva akasimamisha gari, konda akadai nauli ya kuku, Babu akamwomba aonyeshe kiti alichokalia kuku. Katikati ya zogo hilo Doto alicheka kwa sauti. Wifi akasema ni mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo, na abiria waliokuwa wamekasirika wakaanza kumpungia mkono.

Kule Mwanza tulitarajia mashine. Tulimkuta dada mmoja kijana, mtoa tiba kwa vitendo, mwenye stethoskopu na subira. Aliuliza mtoto alizaliwaje, alilia lini, homa zake hurudi mara ngapi, nani humlisha, mlo huchukua muda gani, usiku analalaje, choo kikoje. Alipanga uzito wote wa kwenye kadi ya kliniki akaonyesha mstari ulipoanza kulala. Akampima mtoto kinywa: midomo kama inafunga, ulimi kama unakwenda pande zote, kaakaa kama lina ufa, utando mweupe kama upo. Bibi akashindwa kuvumilia.

“Mwanangu, hebu mwangalie na kimeo.”

“Nimekiona, Bibi. Kizima, kizuri, na kinafanya kazi.”

Kisha akamwambia wifi amlishe kama nyumbani, ajifanye hakuna mtu. Wifi akamlaza Doto mkononi, kichwa kikaanguka nyuma, kijiko kikashuka kutoka juu, na uji wenye kimea ukaingia wote kwa mkupuo. Dada yule aliweka vidole chini ya kidevu na kooni akisikiliza koromeo linapopanda, stethoskopu ikiwa shingoni. Doto akakohoa. Kaka akajitolea kuonyesha njia yake ya kubana pua, na alikuwa ameshafikisha vidole njiani alipozuiwa.

“Baba, subiri kidogo. Tazama dari. Sasa meza mate.”

Kaka akatazama dari, akajaribu, akakunja uso. Babu naye akajaribu. Bibi akakataa kwa mdomo lakini nikamwona akitazama dari kwa siri. Hata mlinzi aliyesimama mlangoni alinyoosha shingo. Jaribu na wewe unayesoma: kichwa kikienda nyuma kabisa, mate yako mwenyewe yanakushinda. Sasa fikiria uji, na shingo isiyo na nguvu.

Alitueleza kwa lugha ya nyumbani. Kooni njia ya hewa na njia ya chakula hupishana. Tukimeza, pumzi husimama, koromeo hupanda juu na mbele, kifuniko chake hulala juu ya njia ya hewa, na chakula hupita nyuma kuingia umioni. Misuli kama 30 hufanya kazi hiyo kwa sekunde moja hivi. Kwa Doto misuli ilichelewa kuitikia, kwa hiyo kitu chepesi kilifika kooni kabla mlango haujafungwa, kikaingia kifuani. Hapo ndipo zilipotoka nimonia zake. Na akatuonya kwamba kikohozi si adui. Wapo watoto ambao chakula huingia kwenye njia ya hewa nao hawakohoi hata kidogo, na hao ndio wa kuogopwa zaidi, maana nyumbani watu hufurahi kwamba leo amekula kimya.

Nchi tajiri mtoto wa namna hii hulishwa chakula kilichochanganywa na bariamu huku akipigwa eksirei inayotembea, daktari akaona tonge linakokwenda. Sisi tulipata vidole, masikio na macho ya yule dada, na kwa maoni yangu vilitufaa, kwa sababu aliuliza maswali ambayo eksirei haiulizi. Shida ni kwamba watu wa namna yake ni wachache mno. Shahada ya tiba ya matamshi na umezaji ilianza kufundishwa Makerere, Uganda, mwaka 2008, na hiyo ndiyo iliyotangulia Afrika Mashariki. Upande wetu, watoto wengi kama Doto, wenye mtindio wa ubongo, bado huishia mikononi mwa mafundi wa mnadani.

Tulirudi na masharti. Mtoto akae wima, nyonga zimekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kiwe kidogo na kisicho na kina, kitoke mbele usawa wa mdomo, kikandamize ulimi kidogo, kisikwanguliwe kwenye meno ya juu. Midomo ifunge yenyewe. Asubiriwe ameze, ameze tena. Mlo usizidi nusu saa, na baada yake asilazwe kwa nusu saa nyingine. Kinywa kisafishwe kila siku, maana mate machafu yakiingia kifuani huleta ugonjwa hata bila chakula. Na uji wake uwe mzito kiasi, bila kimea. Kwa kuwa uji mzito hauondoi kiu, maji ayapate kwa njia ileile, yaliyozidishwa uzito, kidogo kidogo kutwa nzima. Alisisitiza kwamba hiyo ni dawa ya Doto. Mtoto mwingine uzito huohuo ungemnasia kooni, kwa hiyo tusiende kuwatibu watoto wa jirani.

Uzito kiasi ni kiasi gani? Hapo ndipo nyumba ilipopata kazi. Kuna mpango wa kimataifa uitwao IDDSI uliopanga vinywaji na vyakula kwa ngazi, kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 7, chakula cha kawaida. Kipimo chake cha vinywaji kinawezekana hata jikoni kwa Bibi: bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Ziba chini kwa kidole, jaza mpaka 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, usome kilichobaki. Kikibaki kati ya mililita 1 na 4 ni ngazi ya 1. Kati ya 4 na 8 ni ya 2. Zaidi ya 8 ni ya 3. Doto alipangiwa ngazi ya 2.

Babu ana saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Sijawahi kumwona mzee akiamka kutoka usingizini namna ile. Alivaa miwani, akakalia kigoda karibu na mafiga, akawa mpimaji mkuu. Ugomvi ukaanza siku ileile, kwa sababu uji hubadilika. Bibi aliupika, Babu akaupima ungali wa moto, akatangaza ngazi ya 1, akaamuru unga uongezwe. Ulipopoa ukawa wa 3. Bibi akaongeza maji, Babu akapima, ukawa wa 1. Sufuria ilijaa mpaka ikamwagika na mtoto hajala. Wifi ndiye aliyeamua kwamba kipimo ni kwa uji uliopoa kiasi cha kunyweka, si vinginevyo, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mshitakiwa akamtolea hakimu hukumu, ikakubaliwa.

Babu hakuishia kwenye uji. Alipima maziwa, mtindi, mchuzi wa sato. Alikuja mgeni kutoka Bariadi, akaandaliwa togwa, na kabla hajaigusa Babu akaichota, akaachia, akatazama saa. “Ngazi ya 1,” akasema, akamrudishia. Mgeni akashukuru, wabeja sana, bila kujua alichoshukuru.

Kiti ndicho kilichotuletea kesi halisi. Yule dada alitupa mchoro wa kiti cha makaratasi, ufundi ulioenezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: unagandisha tabaka juu ya tabaka za katoni na magazeti kwa gundi ya unga uliochemshwa, vikikauka vinakuwa vigumu kama mbao. Kaka, ambaye tangu kutazama dari alikuwa amepoa sana, alikusanya katoni za sabuni na biskuti kwenye maduka ya Lamadi, akapika gundi, akajenga. Kiti kilikuwa na mgongo, mikono, kizuizi cha katikati ya mapaja na meza ya mbele. Akakianika uani, akaenda shambani kwa amani.

Mbuzi wa jirani akala mgongo wote na mkono wa kushoto.

Jirani alifika kabla hatujamwita, akidai kwamba gundi yetu imemvimbisha mbuzi na akifa tutamlipa. Kaka akamjibu kwamba mbuzi wake amekula mgongo wa mtoto. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akakagua kiti, akakagua mbuzi, akauliza kwa upole nani anayejenga kiti kwa chakula halafu anakianika mbele ya mbuzi. Uamuzi wake: jirani alete katoni, kaka ampe mbuzi nafasi ya kupona, na kiti kipya kikaushwe juu ya paa. Kilikaushwa juu ya bati, kikapakwa vanishi, na mbuzi alipona siku ileile, jambo lililomwudhi jirani.

Ndani ya kiti kile Doto alikaa kwa mara ya kwanza akitutazama usoni. Mikono yake ikashuka juu ya meza. Kijiko kikaja kutoka mbele, midomo ikafunga, koromeo likapanda. Hakukohoa. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu tuliambiwa asishtuliwe wakati wa kula, lakini Bibi alitoka nje na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi.

Kulwa alilipokea jambo hili kwa wivu na baadaye kwa ukarimu, na ukarimu ulikuwa hatari zaidi. Yule mgeni wa Bariadi alikuwa ametuachia karanga za kukaanga. Kulwa alimkuta ndugu yake amekaa kitini kama mtemi, akaona vema kumpelekea kodi: punje moja, moja kwa moja mdomoni. Doto hakukohoa, hakulia. Alifungua mdomo, hakuna sauti, midomo ikaanza kugeuka buluu.

Bibi akakimbia na kikombe cha maji. Wifi akakisukuma. Alimlaza mtoto kifudifudi pajani, kichwa chini ya kifua, akampiga kwa kiganja kati ya mabega. Angepiga mara 5, na kama isingetoka, kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja ingefuata misukumo 5 ya tumboni, juu ya kitovu. Kwa kichanga misukumo huwa ya kifuani. Haikufika huko. Karanga iliruka ikagonga redio ya Babu, na Doto akalia kwa nguvu zake zote. Maji yangeiteremsha punje, na kidole kinachotafuta kitu kisichoonekana hukisukuma ndani zaidi. Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyetoa sauti ndiye wa kupigwa mgongo. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2011 uzoefu wao wa kutoa vitu vilivyonasa kooni na kifuani, vilivyoongoza kwenye njia ya hewa vilikuwa karanga, na kwenye umio sarafu. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watoto wadogo wa rika la Doto, na baadhi yao bila shaka walikuwa na kaka mkarimu.

Doto hatembei bado, na yule dada hakutuahidi kwamba atatembea. Shingo yake inasimama vizuri zaidi, utepe umetoka kwenye nyekundu, na mvua zimepita bila sindano ya kifua. Anakula ugali laini kwa mlenda, na anaupenda kuliko uji wa Babu.

Ndugu zetu wa Bariadi, Dutwa na Lamadi, karibuni sana, huku ni mhola duhu, salama tu. Mkija na karanga mkabidhini Bibi mlangoni azisage, ziingie kwenye uji, na punje hata moja isifike mkononi mwa Kulwa.